Malkia wa Katwe: Filamu inafaa, au inawafaa watoto?

MWALIMU mmoja wa Sekondari Msingi, huko kati ya Kilifi na Malindi, ameniletea kesi. Niliwahi kumfundisha chuoni, ndiyo maana alianza kwa "Shikamoo, Mwalimu" kabla ya kumwaga yaliyomjaa moyoni. Chama chao cha sataranji kilitaka kuwaonyesha wanafunzi wa Gredi ya Saba hadi ya Tisa filamu ya Queen of Katwe. Mzazi mmoja akapata habari, akaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu na kueleza kuwa ndani ya filamu hiyo kuna msichana anayepandishwa pikipiki na mwanamume, kisha anarudi nyumbani na mimba. "Haifai watoto hii," akasema. Mwalimu mkuu, kama walimu wakuu wengi, akaona usalama uko katika kuahirisha.

Ningeweza kumjibu binti huyu kwa simu nikamaliza. Lakini neno alilolitumia yule mzazi, "haifai", nalisikia kila mara watu wazima wanapobishania kitabu, wimbo au filamu ya watoto, na kila mara huwa limebeba mizigo miwili, kila upande umeshika wake na kudhani ndio wote.

Kitenzi "faa" kina maana mbili ambazo hatuzitenganishi. Tukisema "nguo hii haifai msibani", tunazungumzia staha: kitu kulingana au kutolingana na mahali na watu. Lakini tukisema "dawa hii imenifaa", staha haimo. Aliyetunga methali ya "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki" hakuwa anasifu adabu za huyo rafiki. Rafiki anaweza kuwa mlevi wa mnazi asiyejua hata kusalimu, lakini usiku ule mtoto wako alipougua ndiye aliyekuchukua hadi hospitali. Amekufaa. Sikiliza na sarufi yenyewe: "inafaa" bila kiambishi cha mtendwa huvuta upande wa staha, "inamfaa", "inawafaa", huvuta upande wa msaada. Si kanuni ya chuma, lakini sikio la msemaji wa Kiswahili huihisi tofauti hiyo.

Sasa, mabodi yanayopima filamu huuliza swali la kwanza tu. Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya (KFCB), inayofanya kazi chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, ina alama zake: GE kwa watazamaji wote, PG kwa mtoto mwenye mwongozo wa mzazi, kisha 16, kisha 18, halafu zile zinazofungiwa nje kabisa. (Sitaufungua hapa mjadala wa Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu iliyopigwa marufuku 2018. Huo una siku yake.) Kazi ya bodi ni kuhesabu: damu kiasi gani, matusi mangapi, nguo zimevuliwa hadi wapi. Ni kazi halali na siidharau. Kule Marekani Queen of Katwe ilipewa PG kwa sababu tatu: mada nzito, tukio la ajali, na baadhi ya mambo yenye kuashiria mahaba. Basi. Hakuna utupu, hakuna kitanda, hakuna bunduki. Mizani hiyo ya staha filamu inaivuka bila taabu, na nashuku yule mzazi hakuitazama, alisimuliwa.

Hata hivyo, hizo alama zina pengo. Ukitoka PG unarukia 16. Mtoto wa miaka 13, 14 au 15, ambaye ndiye hasa anayekaa Sekondari Msingi, hana alama yake. Na si bodi tu iliyomsahau. Katiba yetu ya 2010 inamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na kijana ni yule aliyetimiza 18 na hajafika 35. Kwa hiyo, ukiandika gazetini "filamu ya vijana", mwanasheria atakuelewa kuwa unamzungumzia mtu aliye na kitambulisho, pengine mke na watoto wawili!

Kiswahili cha pwani hakikuwa na kigugumizi hiki. Palikuwa na kigoli, msichana ambaye bado hajabalehe. Palikuwa na mwari, aliyekwisha kuvunja ungo. Palikuwa na barubaru, mvulana anayeota ndevu na kuanza kujitazama kwenye kioo. Tena jina halikuja peke yake. Mwari alikuwa na somo wake, au kungwi, mwanamke mzima aliyepewa kazi ya kumwambia mambo waziwazi, kwa maneno ambayo mama mzazi asingeweza kuyatamka. Watu wanaosema kwamba "mila zetu haziruhusu" kuzungumza mambo haya na watoto wa umri huo wanazungumzia mila nisiyoijua. Tuliyokuwa nayo sisi iliweka mtu maalumu wa kuyazungumza. Hiyo PG, mwongozo wa mzazi, bibi zetu walikuwa nayo kabla sinema haijafika Mombasa.

Tuje kwenye filamu. Ilitoka 2016, mwongozaji akiwa Mira Nair, mzaliwa wa India aliyeishi Kampala kwa miaka mingi. Inasimulia maisha ya Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe uliojaa mafundi chuma na mifereji ya maji machafu, ambaye alivutwa na kikombe cha uji hadi kwenye kibanda alikofundishia sataranji kocha Robert Katende. Phiona ameigizwa na Madina Nalwanga, msichana wa Kampala ambaye hakuwa mwigizaji. Kocha ni David Oyelowo. Mama, Nakku Harriet, ni Lupita Nyong'o wetu. Hadithi ina msingi wa kweli: Phiona huyo aliichezea Uganda katika Olimpiadi ya Sataranji ya Khanty-Mansiysk, Urusi, mwaka 2010, na ile ya Istanbul 2012, akapata cheo cha kimataifa pamoja na mwenzake Ivy Amoko.

Utaniuliza, msomaji, kama sataranji ni mchezo wa kutolea filamu ya michezo. Watu hawakimbii, hawatoki jasho. Nenda Mambrui au Malindi mjini jioni, simama nyuma ya wazee wanaocheza bao, kisha urudi uniambie kama hukuona jasho. Nair ameelewa jambo hilo. Kamera yake haitazami ubao sana. Inatazama macho ya watoto, vidole vinavyosita, kichwa cha mpinzani mwenye viatu vizuri kinavyoinama pole pole anapogundua kuwa msichana wa Katwe amemzingira.

Jina la filamu lenyewe lina somo la lugha. "Malkia wa Katwe" ni tafsiri rahisi, lakini mchezo huu ulipofika kwetu ukiitwa sataranji, jina lililotoka Uhindi na kupita Uajemi na Arabuni, haukuwa na malkia. Kando ya mfalme alikaa mshauri wake, na kwa Kiarabu kipande hicho huitwa waziri hadi leo. Tena alikuwa mnyonge, akisogea mraba mmoja tu kwa mshazari. Ni Ulaya, kuelekea mwisho wa karne ya 15, alikopata nguvu za kuvuka ubao mzima, akiwa tayari amegeuzwa mwanamke. Kwa hiyo, watoto wetu wanaosema "malkia" wamepokea neno la njia ya pili, ile ya Kizungu. Kwa kile kipande kidogo cha mbele, askari wa miguu, Kiswahili kina neno zuri lililosahaulika, kitunda. Ningependa chama cha sataranji cha shule ile kilifufue.

Nimelitaja kwa sababu filamu yote imeegemea hapo. Kuna mtoto mdogo anayeitwa Gloria, mdogo kwa Phiona, ambaye ndiye anayemfundisha mchezo. Gloria anamwonyesha kuwa kitunda kikivuka ubao hadi mwisho kinaweza kugeuka malkia. Ukitaka kujua filamu inasema nini, ni hicho. Mtoto aliyeigiza Gloria, Nikita Waligwa, alifariki 2020 kwa uvimbe wa ubongo akiwa na miaka 15, na ni vigumu kwangu sasa kutazama tukio lile bila kumkumbuka.

Na hapo ndipo nina ugomvi na filamu hii. Ubao una vitunda vinane kwa kila upande. Vingapi hufika? Mchezaji yeyote atakwambia vingi huliwa njiani, vingine hutolewa kafara makusudi. Filamu inamfuata kimoja kinachofika. Mwishoni mama anapata nyumba, muziki unapanda, jua linawaka, rangi za Kampala zinang'aa kama khanga mpya za Idd. Kampuni ya Disney ndiyo iliyotoa pesa, na Disney haiwezi kukuacha utoke ukumbini na donge kooni. Kocha naye ni mtakatifu mno. Anakataa kazi ya uhandisi, hakasiriki, hachoki, mke wake pia hachoki. Nimefundisha zaidi ya miaka thelathini na sijakutana na mwalimu wa namna hiyo, wala kwenye kioo.

Mtoto wa Gredi ya Nane kutoka Ganze, ambako ukame unajulikana kwa jina lake la kwanza, akitazama haya anaweza kutoka na wazo kwamba kipaji ndicho kinachookoa. Kama huna kipaji je? Hili kwangu ni zito kuliko pikipiki ya yule mwanamume. Mzazi aliyelalamika angekuja na hoja hii ningemketisha kitini na kumsikiliza.

Lakini alikuja na pikipiki, basi tuitazame. Phiona ana dada mkubwa, Night. Amechoka na njaa, na siku moja anaondoka na mwanamume mwenye pikipiki na mavazi ya kujionyesha. Mama anamtimua kwa ukali wa mtu anayejua mwisho wa safari hiyo. Baadaye Night anarudi, amebeba mimba, yule mwanamume hayupo. Hatuonyeshwi chochote cha aibu kati yake na huyo bwana. Tunaonyeshwa kurudi. Mama anasimama mlangoni, na uso wa Lupita kwa muda mfupi unapita kila kitu ambacho mzazi anaweza kuhisi. Kisha binti anaingia ndani.

Sasa niambie, huyu mtoto wa Kilifi anafichwa nini? Pikipiki zinamsubiri kwenye lango la shule. Wikendi kuna disko matanga, ngoma za usiku kucha kwenye vilio, ambazo machifu na makamishna wamezipiga marufuku mara nyingi kiasi kwamba marufuku yenyewe imekuwa sehemu ya msimu. Ufuoni Malindi na Mtwapa anaona watu wazima, wenyeji na wageni, wakifanya biashara ambazo hakuna bodi inayoziwekea alama. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa 2022 ulikuta asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wamewahi kushika mimba. Mwaka 2014 ilikuwa asilimia 18. Kaunti ya Kilifi imetajwa katika habari hizi kwa miaka mingi hadi sisi wakazi tumechoka kulisikia jina letu. Filamu haimletei mtoto huyu jambo geni. Inamletea jambo lake mwenyewe, likiwa limekaa kwenye ukuta mweupe ambapo anaweza kulitazama pamoja na wenzake bila yeyote kunyooshewa kidole.

Hofu yangu iko kwenye yatakayosemwa taa zikishawashwa. Kiswahili tunachotumia kwa msichana wa aina ya Night ni kibovu. "Ameharibika." Kama maziwa. "Amejiharibia." Gazeti likitaka kuwa na huruma linaandika "amepachikwa mimba", na hapo angalau kuna mpachikaji, ingawa amefichwa ndani ya kitenzi cha kutendwa na hatajwi. Nimesikia pia "ameoteshwa", "amevimbishwa", na mengine ambayo mhariri atayakata. Upande wa mwanamume msamiati ni laini ajabu: "mpenzi wake", "aliyempa mimba", kana kwamba ni zawadi ya Krismasi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haimjui "mpenzi" wa msichana wa miaka 15. Ina neno moja tu, unajisi, na ridhaa ya mtoto haihesabiwi. Mwalimu akiwauliza wanafunzi, "Night alikosea wapi?", atakuwa ameshaharibu kipindi chote kwa swali moja. Aulize yule mwenye pikipiki ni nani, ana umri gani, na kwa nini filamu haikuturudishia uso wake.

Na aulize lingine, ambalo filamu yenyewe imelikwepa: Night alirudi shule? Hatuambiwi. Kwetu Kenya sera ya kumrudisha darasani msichana aliyejifungua imekuwapo tangu 1994, na mwongozo mpya ulitolewa 2020. Wanafunzi wangapi wa Gredi ya Tisa wanajua hivyo? Wazazi wangapi? Dakika tano za swali hili zingewafaa, kwa ile maana ya pili ya neno, kuliko hotuba kumi za asubuhi za gwaride.

Kuna tukio jingine ambalo naona litawatatiza walimu wa dini. Mtoto mdogo wa kiume, Brian, anagongwa na pikipiki, anashonwa hospitalini, na mama asiye na pesa anamchukua na kutoroka naye bila kulipa. Je, ni wizi? Sina jibu la mkato, na nafurahi filamu haikulitoa. Mwaka 2015 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kuwazuia akina mama katika hospitali ya Pumwani kwa sababu ya deni la kujifungulia kulikiuka haki zao za kikatiba. Mjadala wa darasani ukitoka kwa Harriet ukafika kwenye uamuzi huo, watoto watakuwa wamejifunza uraia bila kujua kuwa ni somo.

Dosari moja ya lugha siwezi kuiacha ipite. Mama anayechuuza mitaani Katwe anawakanya wanawe kwa Kiingereza! Lafudhi ya Kiganda imewekwa vizuri, maneno ya Luganda yamenyunyizwa hapa na pale kama bizari, lakini nyumba ile haingezungumza hivyo. Ilifanywa kwa ajili ya mtazamaji wa Chicago. Kwa mtoto wetu matokeo yake ni mabaya mara mbili: anapoteza nusu ya maneno kwa sababu ya kasi, na anafundishwa kimya kimya kwamba hata umaskini, ukitaka kuheshimiwa, lazima uzungumze Kizungu. Kampala wana dawa yao. Wale wanaoitwa VJ huzitafsiri filamu papo hapo kwa Luganda, wakiongeza chumvi zao. Sisi tuna DJ Afro na walioiga mtindo wake, na kwenye vibanda vya video watoto hawa hawa huketi wakimsikiliza msimulizi kwa Kiswahili cha mtaani na Sheng, na hawapotezi hata neno. Mwalimu asione haya kufanya kazi hiyo. Asimamishe, aeleze, awaache wanafunzi wamtafsirie Harriet kwa Kigiriama kama ndivyo mama zao wanavyowakanya. Hapo ndipo watakapomtambua.

Kwa hivyo, inafaa? Kwa miaka 12 kwenda juu, ndiyo, na sioni haja ya kukata hata sekunde moja. Mwenye kukata kipande cha Night atakuwa ameacha filamu ya msichana hodari aliyeshinda vikombe, yaani ile sehemu tamu ambayo haimsaidii mtu. Inawafaa? Itategemea aliyesimama kando ya ukuta. Nimeona matukio madogo ambayo mwalimu mzembe atayapita, na ndiyo yenye nguvu zaidi: Harriet anauza nguo yake ya thamani apate mafuta ya taa, ili binti asome usiku. Phiona anasafiri nje, anarudi akiwa hataki tena kuosha vyombo wala kuchuuza, kwa sababu ameshaonja hoteli yenye shuka nyeupe na kwao sasa kunamnukia vibaya. Mtoto yeyote aliyetoka kijijini kwenda mashindano ya muziki au michezo ya kitaifa, akalala kwenye bweni la shule kubwa, akarudi, anaijua siku hiyo. Filamu nyingi za michezo zinaruka moja kwa moja kutoka kushindwa hadi mazoezi. Hii inakaa hapo kwenye kununa na kuona haya, na kwangu ndipo inapokuwa nzuri kweli.

Kwa binti yangu mwalimu, upande wa utekelezaji: filamu ina dakika 124, na kipindi chako ni dakika 40. Usiibane alasiri moja baada ya usafi, watasinzia. Ikate mara tatu. Kikao cha kwanza kiishe kabla Night hajarudi, watoto waende nyumbani wakibishana kuhusu atakavyopokelewa. Cha pili kiishie Urusi. Siku ya tatu acha dakika za mwisho kabisa zitazamwe zote, maana hapo waigizaji wanasimama mmoja mmoja kando ya watu halisi waliowaigiza, na wanafunzi watataka kuziona nyuso hizo. Na yule mzazi aliyelalamika mpelekee barua ya mwaliko, yenye sahihi ya mwalimu mkuu, umtengee kiti cha mbele siku zote tatu.